Mimea Isiyotaka Shibe

Watu wa mtaa wetu Kasongo walikuwa wakiusifu mkono wangu, na mie zile sifa nilizisikia mpaka kwenye mifupa. Nianze hapo, maana ugonjwa wangu ulianzia hapo. Mwanamke akitaka miche ya nyanya isiyokufa, alikuja kwa Apolline. Akitaka lengalenga, mchicha wetu, la majani mapana, alikuja kwa Apolline. Hata Fatuma, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake haumsifu mtu bila kumuuma kidogo, alisema kwamba nikipanda mpini wa jembe utatoa majani. Nilicheka na kukataa kwa mdomo, moyoni nikikubali yote.

Siri yangu haikuwa siri. Nilitumia udongo wa kichuguu. Unatafuta kichuguu kilichohamwa na mchwa, unakivunja, unaponda madonge, unachekecha kwa ungo, unachanganya na jivu kidogo la jikoni. Mama yangu, Muzimba kwa kabila, mwenyeji wa Kasongo, alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Sijawahi kuona mche ulioukataa udongo ule. Basi nikaamini kwamba hakuna mche duniani wa kuukataa.

Mume wangu Michel alikuwa Mubangubangu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Nilikuwa nikimtania kwamba posa yake ilichukua mwaka mzima kwa sababu alisema neno moja kila mwezi. Kwao kila mwanamume mzima alipimiwa shamba la pamba na serikali ya Wabelgiji, utake usitake. Baba yake alibeba vikapu vya pamba kichwani mpaka mgongo ukapinda, na mwaka mmoja mvua ilipokuwa mbaya alichapwa fimbo, kana kwamba yeye ndiye aliyezuia mawingu. Michel aliapa hatarudi kwenye pamba. Lakini kiapo si karatasi. Aliyekaa Kasongo bila karatasi ya kazi alirudishwa kwao, na karatasi ya Michel ilikuwa ya muda tu, ya kubeba masanduku ya Mzungu mmoja aliyekuja kukusanya mimea.

Mzungu huyo tulimwita Bwana Majani. Alizunguka porini akichuma hili na lile, analaza majani kati ya magazeti kama mtu anayelaza watoto. Siku moja alimchorea Michel mmea aliokuwa akiutafuta. Michel akacheka, jambo la nadra. Akamwambia mmea huo uko kwenye kinamasi nyuma ya kijiji chao, na walipokuwa watoto walikuwa wakiweka sisimizi juu yake wautazame unavyomkunja. Wakaenda pamoja mpaka Wamaza, wakarudi na mimea sita ndani ya mikebe.

Bwana Majani aliuita drozera. Sisi nyumbani tuliuita majani ya umande. Ulikuwa mdogo, shina jembamba, majani kama vijiko vya mtoto mchanga, na kila jani limejaa nywele nyekundu, kila unywele una tone la maji kichwani. Jua likiwaka mpaka kuku wanatanua mbawa, matone yale hayakauki. Usubi akitua, anashikwa. Anapapatika kidogo, nywele zinamwinamia polepole, na kesho yake kimebaki kigamba tu. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wakishika midomo. Fatuma alisema wenzangu wanaolewa na watu wafugao mbuzi, mie nimeolewa na mfugaji wa majani.

Lakini mimea ile ndiyo iliyobeba maisha yetu. Bwana Majani alikuwa akienda safari ya kiangazi kizima. Alitaka kujua jambo moja tu: mimea hii iliyozoea kinamasi, ambako usiku kuna baridi, inaweza kuishi nyumbani kwa mtu, kwenye joto la Kasongo? Kama hata mmoja ungekuwa hai mvua zikianza, angefungua bustani pale Kasongo, na Michel angekuwa mtunzaji wake, na karatasi ya kudumu. Kama yote ingekufa, hakuna bustani, na Michel angerudi Wamaza kwenye pamba. Ndivyo walivyokubaliana, mwaka ule wa hamsini na tatu.

Michel alinieleza masharti jioni ile ile. Mchanga wa mtoni uliooshwa mara nyingi, uchanganywe na matope meusi ya kinamasi chenyewe. Maji ya mvua peke yake, si ya kisima, na mikebe ikae ndani ya beseni ili inywe kwa chini. Jua la asubuhi. Chakula hapana. Samadi hapana, jivu hapana, vipande vya nyama hapana. Mmea utajitafutia usubi wake wenyewe.

"Hii mumea inapenda njaa," aliniambia. "Ukiishibisha, unaiua."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Njaa! Nani anayependa njaa? Nikamwambia Bwana wake anajua kukausha majani, si kuyakuza, na kama anataka kujifunza kulima aje kwangu. Michel alitabasamu tu. Kabla mvua hazijakatika aliweka pipa chini ya bati, likajaa, akalifunika kwa mkeka. Kila asubuhi aliteka maji kwa kikombe na kuyamwaga kwenye beseni taratibu, huku akihesabu majani. Aliipenda mimea ile. Nilikuwa nikimwona na kusema moyoni, haya, na sisi wengine je?

Mwezi wa saba ukaja ujumbe kwamba baba yake amefariki. Matanga ni siku arobaini, na yeye ni mtoto wa kwanza. Alifunga mzigo asubuhi ile ile. Akanishika mkono kwenye baraza, akasema neno lake la mwezi. Nisiongeze kitu. Maji tu. Nikamwambia, nenda ukamlilie baba, mie si mtoto.

Juma la kwanza nilifuata. La pili nilianza kuona majani ya chini yanageuka meusi na kukauka. Sasa najua kwamba ndivyo mmea ule ulivyo: unatoa jani jipya juu, la zamani linakufa chini, na hakuna ubaya wowote. Wakati ule sikujua, na sikuwa na wa kumuuliza. Fatuma akapita na ndoo yake, akasimama, akaangalia. Akasema kumbe mkono wa Apolline umekutana na kiboko yake. Alikuwa anatania. Mungu anisamehe, alikuwa anatania tu, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wanawake wa mtaa mzima wangesema kwamba vitu sita vya mume wangu vilinifia mikononi.

Nikachukua jembe nikaenda kwenye kichuguu changu nyuma ya kanisa. Nikaponda, nikachekecha, nikatia jivu, ya dhahabu kabisa ile kazi. Nikaing'oa mimea mmoja mmoja, nikaikung'uta ule mchanga wa kimaskini, nikaipanda kwenye udongo mzuri. Nilikuwa naimba. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilikuwa naimba. Nilijiona naokoa karatasi ya mume wangu.

Siku mbili ikasimama wima, nikamwita Fatuma aje aone. Siku ya nne matone yalipungua. Siku ya sita hapakuwa na tone hata moja, nywele zimekauka kama ndevu za mahindi, na usubi alitua na kuondoka salama. Nikaingiwa na hofu. Nikaongeza maji, nikaihamishia kivulini, nikairudisha juani. Majani yakalainika, yakawa meusi kuanzia ncha mpaka moyo. Kabla ya juma la tatu kwisha yote sita ilikuwa imekufa.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga una msamaha wake. Sikiliza la pili. Niliumwaga ule udongo wa kichuguu kwenye bustani ya nyanya. Nikachukua mchanga ule ule wa Michel uliokuwa bado umerundikana pembeni ya baraza, nikaujaza kwenye mikebe, nikachomeka ile mizoga humo kama ilivyokuwa zamani. Nikaosha beseni. Hata madoa ya udongo mwekundu chini ya kucha niliyatoa kwa kijiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa nikiwaambia wenzangu. Kumbe waalimu wa aina yangu ni wengi.

Michel akarudi amenyoa kichwa, amekonda. Hakuingia ndani. Alichuchumaa mbele ya beseni, akagusa mchanga kwa kidole, akanusa maji. Akaniuliza kama nilitumia maji ya pipa, nikamwambia ndiyo, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia joto lilikuwa kali mno mwezi ule. Akatikisa kichwa. Hakunilaumu hata kwa jicho, akanishukuru kwa kuhangaika peke yangu.

Bwana Majani alifika mvua za kwanza zilipoanza. Watu walijaa uani, maana Mzungu akikaa kwenye baraza ya mtu ni sinema, na Fatuma alikuwa mbele kabisa, mikono kiunoni. Nilileta kiti, nikaleta maji. Aliikagua mikebe mmoja baada ya mwingine, hakukasirika. Akamwuliza Michel kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama.

"Michel, iko mutu alibadilisha udongo? Ao maji? Kama iko kosa, sema tu. Mimi nitakupa ingine sita, tutaanza tena. Kosa haiko mubaya. Lakini kama hakuna kosa, basi ni joto inaua, na hapa kazi imekwisha."

Nilielewa kila neno. Nataka mnielewe hapo. Mlango wa karatasi ulikuwa wazi, na wa kuufunga alikuwa mie peke yangu.

"Hapana, Bwana," Michel akajibu. "Wakati sikukuwako, muke yangu aliiangalia. Yeye iko na mukono ya baraka kupita yangu."

Bwana Majani akanigeukia. "Na weye, mama?"

Nikamtazama Fatuma. Nikasema, "Sikubadilisha kitu."

Akaandika kwenye daftari lake, mistari miwili tu. Akampa Michel mkono, akamwambia ni mfanyakazi mzuri na anasikitika. Baadaye tulisikia amepelekwa mbali, huko mto unakoteremkia, na jina lake la kweli hatukuwahi kulijua sawasawa hata tungetaka kumtafuta. Mwezi haukwisha, Michel akaambiwa arudi kwao. Tulitembea kwenda Wamaza na vyombo vyetu kichwani, na shamba la pamba la baba yake likaandikwa jina lake.

Nilidhani uchungu ungeishia hapo. Pamba ni kazi, watu wanaifanya. Lakini Michel alikuwa amelifikiria jambo lile kwa akili yake ya kimyakimya. Akasema Bwana Majani amekosea, si joto la Kasongo, maana kinamasi cha kwao nacho mchana kinachemka. Akasema yeye ndiye aliyeing'oa mimea ile kwa mkono wake na kuipakia kwenye mikebe, na wazee husema kuna watu wana mkono wa moto, wakigusa mche unakufa. Tangu hapo hakudondosha mbegu ardhini. Alichimba mashimo, mie nikafuata nyuma nikidondosha mbegu. Pamba, mahindi, karanga, yote. Wanaume wenzake walimcheka, kwamba anatembea na mke nyuma kama mkia. Aliendelea kuchimba. Jioni aliweza kukaa akiitazama mikono yake, akiipindua, kama kitu alichoazima kwa mtu.

Na mie nilinyamaza. Kila siku nilisema nitasema kesho, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Sasa haikuwa tena kosa la udongo, lilikuwa kosa la mikebe, la baraza, la shamba, la mwaka, la mwaka wa pili.

Mwaka wa tatu nilikwenda kwenye kinamasi kile kuchota udongo wa kufinyangia chungu, nikayaona. Majani ya umande, mamia, yametandaa kwenye mchanga mchafu na maji meusi, maskini wa Mungu, na yote yanang'aa. Nikakaa chini nikalia. Halafu nikachukua mmoja. Nikauweka kwenye mkebe na mchanga niliouosha mara saba, nikauficha kwenye ua wa kuogea wanawake nyuma ya nyumba ya mama mkwe, mahali ambapo mwanamume hafiki. Ukuta pale unapigwa na jua mpaka unaunguza mkono. Nikaupa maji ya mvua tu. Sikuupa kingine chochote, ingawa mikono iliniwasha kuuongezea jivu. Ukamaliza kiangazi. Ukamaliza kiangazi cha pili, ukatoa maua madogo ya rangi ya waridi, asubuhi yanafunguka, adhuhuri yamefungwa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Yule mama mkwe aliniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ya tumbo.

Na kweli tumbo lilikuja, baada ya miaka mitano ya kimya. Mwaka huu nimejifungua mtoto wa kiume, Emile. Kwao Michel, kitovu cha mtoto kikikatika, baba ndiye anayekizika na kupanda mgomba juu yake. Mgomba ukishika, ni mgomba wa mtoto. Si kazi ya mama, si ya mjomba. Kitovu kikakatika siku ya sita. Mama mkwe akaleta chipukizi la mgomba, jembe likawekwa, Michel akachimba shimo zuri la mviringo. Kisha akarudi nyuma.

"Panda weye," akaniambia. "Mukono yangu iko na moto. Sitaki kuua na ya mutoto."

Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. Hapo moyo wangu ukakatika. Nilimpa mama mkwe mtoto, nikaenda kwenye ua wa kuogea, nikarudi na mkebe. Nikauweka chini mbele ya miguu yake, umande wote umewaka juani.

"Mukono yako haina moto," nikasema. "Ni miye. Niliitia udongo ya kichuguu wakati ulikuwa kwa matanga. Kisha nikarudisha muchanga yako."

Hakuniuliza nasema juu ya nini. Alichuchumaa kama siku ile ya Kasongo, akagusa mchanga kwa kidole. Usubi mmoja alikuwa amenaswa, anahangaika. Michel alimtazama mpaka akatulia.

"Hii iko hapa tangu wakati gani?"

"Kiangazi mbili."

"Na siku ile Bwana Majani alikuuliza. Uliogopa nini?"

Nilitafuta neno kubwa. Miaka mitano nilikuwa nimejiandalia maneno makubwa, ya talaka, ya mahari, ya kurudishwa kwa mama. Hayakuja. Ukweli ulikuwa mdogo, wa kuaibisha.

"Fatuma alikuwa anasikia," nikasema.

Michel akainuka. Akaitazama mikono yake, hii na hii, pande zote mbili, halafu akaipangusa kwenye suruali. Sikupigwa, sikutukanwa. Heri ningepigwa. Akachukua kitovu cha mwanawe, akakiweka ndani ya shimo. Mie, kwa upumbavu ambao hautanitoka mpaka kaburini, nilikuwa nimeshaandaa kikapu cha udongo wa kichuguu tangu jana yake, maana mgomba unaupenda kweli, muulize yeyote. Nikakisogeza karibu. Akakisukuma kando kwa mguu, polepole, bila kukimwaga. Akapanda kwa udongo ule ule mwekundu mgumu uliotoka shimoni, akaukanyaga pembeni, akaenda kunawa.

Sasa anapanda mwenyewe. Juzi nilimsikia akiimba kwenye karanga, sauti mbaya, sikuwahi kujua kama ana sauti mbaya hivyo. Pamba bado ni pamba, na karatasi haitarudi. Ananisemesha vizuri. Lakini zamani akitoka alikuwa akiniambia niangalie hiki na kile, na siku hizi anatoka tu, anamwachia mama yake.

Mgomba wa Emile umeshika. Ni mwembamba, majani yake ni ya manjano kidogo, udongo wa pale haufai. Kikapu changu kiko kando ya ukuta, kimejaa bado. Kila asubuhi napita kati ya vile viwili nikienda kuchota maji, mtoto mgongoni, na mikono yangu naibana chini ya kitenge mpaka nimeshapita.